Albamu ya heshima kwa Wanda Jackson: nani hulipwa, na nani hukumbukwa?

Wapenzi wa muziki wa kantri hapa Kenya hawahitaji kufundishwa Jim Reeves, Kenny Rogers wala Dolly Parton ni akina nani. Nyimbo zao zimechezwa redioni miaka mingi, na vijijini kuna wazee wanaoziimba mwanzo hadi mwisho bila kukosa neno. Lakini tukilitaja jina la Wanda Jackson hewani, ujumbe unaoingia kwa simu ni mmoja: huyo naye ni nani?

Mwaka 2004, kampuni ndogo ya muziki mjini Chicago iitwayo Bloodshot Records ilitoa albamu nzima ya kumheshimu mama huyo. Jina lake ni "Hard-Headed Woman: A Celebration of Wanda Jackson". Kwa lugha yetu tungesema: Mwanamke wa Kichwa Kigumu. Wasanii mbalimbali, akiwemo Neko Case, walichukua nyimbo zilizompa Wanda umaarufu wakaziimba kwa sauti zao. Wanda mwenyewe alikuwa hai, na bado alikuwa akipanda jukwaani.

Albamu za aina hii hutolewa kila mara, na kila zinapotoka watu huuliza swali la haki kabisa: wengine wakiimba nyimbo za mzee, mzee hupata kitu? Jibu lake litawashangaza baadhi yenu, na lina funzo kwa yeyote mwenye mtoto au jirani anayetafuta riziki kwa kuimba.

Kwa kifupi

- Albamu ya heshima humlipa kwanza aliyetunga wimbo, na aliyetunga mara nyingi si yule anayeheshimiwa.
- Redio za kawaida za Marekani hazilazimiki kumlipa mwimbaji hata senti moja wimbo wake ukichezwa.
- Sheria ya Kenya inamtambua mwimbaji, ila lazima ajisajili na jina lake liandikwe.

Wanda Jackson ni nani?

Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1937 katika mji mdogo wa Maud, jimbo la Oklahoma. Maisha yalikuwa magumu, na familia ilihamia California kutafuta kazi kama walivyofanya watu wengi wa Oklahoma enzi hizo. Baba yake, Tom, alipenda muziki, na ndiye aliyemnunulia binti yake gitaa na kumfundisha. Baadaye walirudi Oklahoma City.

Hapo ndipo redio ilipoingia. Wanda akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alishinda shindano la kuimba na kupewa kipindi cha dakika 15 katika kituo cha KLPR. Siku moja Hank Thompson, mwanamuziki mkubwa wa kantri wa wakati huo, alimsikia akiimba kwenye kituo hicho. Alipiga simu, akamwalika aimbe na bendi yake. Mwaka 1954, kabla hata hajamaliza shule, Wanda alirekodi na Billy Gray wimbo wa kupokezana ulioingia kumi bora za kantri.

Hata hivyo, kampuni ya Capitol, ambayo Thompson aliifanyia kazi, ilimkataa. Wanda amesimulia mara nyingi sababu aliyopewa: kwamba rekodi za wasichana haziuzi. Alirekodi kwingine, na mwaka 1956 kampuni hiyo hiyo ikamchukua.

Rokabili ni nini, na kwa nini ilikuwa vigumu kwa mwanamke?

Rokabili ni muziki uliozaliwa kusini mwa Marekani katika miaka ya 1950. Vijana wa kizungu waliokulia kwenye kantri walichukua bluzi na midundo ya Wamarekani weusi, wakachanganya. Gitaa likapigwa kwa kasi, besi ikawa inagongwa kama ngoma, na mwimbaji akawa analia, ananguruma, anacheka katikati ya wimbo. Elvis Presley ndiye jina kubwa zaidi la mtindo huo.

Julai 1955 Wanda alianza kufanya maonyesho pamoja na Elvis huko Missouri. Alikuwa na miaka 17, na baba yake alisafiri naye kama meneja na mlinzi. Wanda amesema ni Elvis aliyemhimiza aache kuimba kantri tupu na ajaribu huu muziki mpya. Yeye alidhani hauwezi, maana hakumwona mwanamke mwingine akiuimba. Alijaribu. Sauti iliyotoka ilikuwa na kikwaruzo ambacho hadi leo watu hujifunza kukiiga.

Tatizo halikuwa sauti peke yake. Wakati huo waimbaji wa kike wa kantri walivaa magauni ya kufunika mwili, mtindo wa akina mama wa shambani. Mama yake Wanda, Nellie, alikuwa fundi wa cherehani, na alimshonea nguo za kubana zenye nyuzi za kuning'inia. Alipofika katika ukumbi maarufu wa Grand Ole Opry mjini Nashville, aliambiwa hataingia jukwaani mabega yakiwa wazi. Alivaa koti juu ya gauni, akaimba, akaondoka akiwa na hasira.

Kisha kulikuwa na bendi. Mwaka 1958 alikuwa akipigiwa na kundi lililokuwa na mpiga kinanda mweusi, Big Al Downing, katika miaka ambayo sehemu nyingi za Marekani zilitenganisha watu kwa rangi hata mezani. Basi anapoitwa mwanamke wa kichwa kigumu, mjue jina hilo lina historia.

Mtangazaji mmoja wa Iowa

Kwa miaka kadhaa nyimbo zake za rokabili hazikuuza sana nyumbani. Cha ajabu, "Fujiyama Mama" ulipanda hadi namba moja nchini Japani mwaka 1958, ingawa maneno yake yanaitaja miji ya Hiroshima na Nagasaki, iliyopigwa mabomu ya nyuklia mwaka 1945. Mwaka uliofuata alialikwa Japani akafanya ziara.

Nyumbani, mlango ulifunguliwa na redio tena. Wimbo wake "Let's Have a Party" alikuwa ameurekodi mwaka 1958, ukakaa ndani ya albamu bila kelele yoyote. Mwaka 1960 mtangazaji mmoja wa Iowa alianza kuutumia kufungulia kipindi chake. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza ni nani anaimba. Kampuni ikautoa kama kibao cha peke yake, nao ukafika namba 37 kwenye chati ya muziki wa pop ya Marekani.

Sisi tunaofanya kazi hii tunalikumbuka tukio hilo kwa sababu moja rahisi. Mtangazaji akiutaja wimbo kwa jina, na msikilizaji akauliza, kazi iliyolala miaka miwili inaweza kuamka.

Sasa tuje kwenye pesa

Kila wimbo mnaousikia redioni una vitu viwili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Na kuna rekodi, yaani sauti ya mtu fulani akiuimba wimbo huo studio siku fulani. Fikiria pilau. Utunzi ni maelekezo ya kupika. Rekodi ni sufuria moja iliyopikwa na mpishi mmoja. Mtu akitumia maelekezo yaleyale kupika sufuria yake, deni lake ni kwa mwenye maelekezo. Hadaiwi chochote na mpishi wa sufuria ya kwanza.

Albamu ya heshima ni sufuria mpya. Nchini Marekani, wimbo ukishatolewa mara moja, msanii mwingine anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza mtu, mradi alipe ada iliyowekwa na sheria. Mwaka 2004, albamu ya Wanda ilipotoka, ada hiyo ilikuwa senti 8.5 za dola kwa kila wimbo wa kawaida, kwa kila nakala. Nakala 1,000 zikiuzwa, kila wimbo unaleta dola 85. Pesa hizo zinakwenda kwa mtunzi na kampuni inayosimamia utunzi wake.

Je, Wanda ndiye mtunzi? Kwa baadhi ya nyimbo, ndiyo. "Mean Mean Man" na "Right or Wrong" ni za kwake. Mwaka 1962 Buck Owens, nyota wa kantri, aliimba wimbo wa Wanda uitwao "Kickin' Our Hearts Around" ukafanya vizuri sana, na hapo mtunzi alipata haki yake.

Lakini zile zilizomtambulisha zaidi hakuzitunga. "Let's Have a Party" ulitungwa na Jessie Mae Robinson, mwanamke mweusi mzaliwa wa Texas aliyewaandikia nyimbo waimbaji wengi na kufariki mwaka 1966. Elvis aliuimba kwanza kwenye filamu ya mwaka 1957. "Fujiyama Mama" nao ulikuwa umeimbwa na Annisteen Allen, mwimbaji mweusi, kabla Wanda hajaugusa.

Kwa hiyo mtu yeyote akiurudia "Let's Have a Party" kwa heshima ya Wanda, ada ya utunzi inafuata jina la Jessie Mae Robinson. Mmoja anapigiwa makofi, haki ya pesa iko kwa jina la mwingine. Hatuoni ubaya katika hilo. Mtunzi ana haki yake hata akiwa kaburini. Ila linatuonyesha kwamba heshima na malipo hupita njia mbili tofauti, na mtu anaweza kupata moja akakosa nyingine. Watu wangapi wanamkumbuka Jessie Mae Robinson?

Na redio je?

Hapa ndipo Marekani inapotofautiana na nchi nyingi. Redio za kawaida za nchi hiyo, zile za mawimbi ya AM na FM, humlipa mtunzi wimbo unapochezwa. Mwimbaji halipwi. Yule mtangazaji wa Iowa alimpa Wanda umaarufu, lakini kila alipousukuma wimbo hewani, sheria haikumpa mwimbaji chochote. Hoja ya wenye vituo imekuwa ileile tangu zamani: sisi tunakutangaza bure, wewe utauza rekodi na tiketi.

Mwaka 1995 sheria ilibadilika kidogo, na redio za kidijitali, kama za setilaiti na intaneti, zikaanza kuwajibika kuwalipa waimbaji. Lakini rekodi zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 ziliachwa nje ya ulinzi wa sheria hiyo ya kitaifa. Hebu piga hesabu: rokabili iliyompa Wanda umaarufu ni ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Ni sheria mpya ya Oktoba 2018 iliyoziingiza rekodi hizo za zamani. Wakati huo Wanda alikuwa ndio anatimiza miaka 81.

Kwa redio za AM na FM, mswada wa kuzilazimisha kuwalipa waimbaji ulipelekwa katika Bunge la Marekani mwaka 2021, na umerudishwa tena baada ya hapo. Vituo vikubwa vinaupinga. Vituo vidogo vinahofia gharama, ingawa mswada wenyewe umeviwekea viwango vya chini.

Basi albamu ile ilimsaidia nini?

Haiwezekani kusema albamu moja ilibadilisha maisha yake. Tayari katika miaka ya 1980 mashabiki wa Skandinavia walikuwa wamemwita arudie rokabili, baada ya yeye kuokoka mwaka 1971 na kuimba nyimbo za injili kwa miaka mingi. Mwaka 1995 mwanamuziki Rosie Flores alimshirikisha kwenye albamu yake, na wakazunguka Marekani pamoja. Moto ulikuwa umeshawashwa. Albamu ya 2004 iliongeza kuni.

Tazama yaliyofuata. Mwaka 2005 serikali ya Marekani, kupitia mfuko wake wa taifa wa sanaa, ilimpa tuzo ya juu kabisa kwa wasanii wa asili. Mwanamuziki Elvis Costello alijitokeza hadharani kumpigia debe ili aingizwe katika Jumba la Heshima la muziki wa roki, na mwaka 2009 akaingizwa. Mwaka 2011 Jack White alimtengenezea albamu mpya, na mwaka uliofuata Justin Townes Earle akafanya hivyo hivyo. Alistaafu maonyesho mwaka 2019, lakini mwaka 2021 akatoa albamu nyingine kwa msaada wa Joan Jett. Kwenye hiyo ya mwisho alishiriki pia kutunga, jambo ambalo, kama tulivyoona, lina maana kubwa kwa mfuko wa mtu.

Wapo wanaosema albamu za heshima ni ujanja wa wadogo kupanda mgongoni mwa wakubwa. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Kampuni inauza jina la mzee, waimbaji wapya wanapata wasikilizaji, na mzee mwenyewe anabaki kusifiwa. Tumeona pia albamu zinazotoka miezi michache baada ya mazishi, wakati aliyeimbiwa hawezi kupewa hata maji ya kunywa.

Kwa kesi hii tunaona tofauti moja kubwa: mhusika alikuwa hai, ana afya, na ana safari za kwenda kuimba. Sifa zilipomfikia aliweza kuzigeuza kuwa kazi. Kijana aliyemsikia Neko Case akamtafuta Wanda, angeweza kukata tiketi na kumwona kwa macho. Kwa mtu ambaye sheria ya nchi yake haikumlipa redioni, tiketi ile ndiyo ilikuwa ujira. Heshima ya marehemu hujenga historia tu. Heshima ya aliye hai huweza pia kumjengea nyumba.

Hii inatuhusu vipi sisi?

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, baada ya marekebisho ya 2012, inasema redio ikicheza rekodi iliyotolewa kibiashara, mwimbaji na mwenye rekodi wanastahili malipo. Kwa maandishi, basi, mwimbaji wa Kenya analindwa redioni kuliko Wanda Jackson alivyolindwa kwao. Mtunzi naye ana haki yake ya peke yake.

Kutoka kwenye maandishi hadi mfukoni kuna safari ndefu, na wasanii wetu wanaijua. Vyama vya kukusanya mirabaha vimekuwa na mivutano ya leseni na ya mgao iliyofika hadi mahakamani. Hatuwezi kuimaliza mivutano hiyo kwa makala moja. Yapo mambo matatu, hata hivyo, ambayo msanii wa kijijini anaweza kuyafanya mwenyewe.

La kwanza, andika nani alitunga. Kikundi cha kwaya au cha harusi kinaporekodi, majina ya watunzi, waimbaji na wapiga ala yawekwe kwenye karatasi na kila mmoja atie sahihi kabla ya kuingia studio. Ugomvi mwingi huanza pale wimbo unapopendwa na kila mtu anakumbuka alivyoutunga.

La pili, jisajili kotekote unakostahili. Kama umetunga na kuimba, wewe una kofia mbili, na kila kofia ina malipo yake. Ukijisajili kama mwimbaji tu, umeacha nusu ya shamba bila kulimwa.

La tatu, ukiimba wimbo wa mwingine, hata kama ni kwa mapenzi tu, tafuta ruhusa ya mtunzi au wa familia yake. Kumheshimu mtu hakukuondolei deni lake. Na kama mzee yuko hai, mpelekee wimbo ausikie kwanza. Huenda akakuambia jambo ambalo halimo kwenye rekodi yoyote.

Sisi redioni tuna deni letu pia. Wimbo unapokwisha ni rahisi kuingia kwenye tangazo au taarifa ya hali ya hewa bila kumtaja mtu. Lakini rekodi isiyotajwa haiulizwi, na isiyoulizwa hailipwi. Msikilizaji, ukisikia tumecheza wimbo na tukanyamaza, tuma ujumbe uulize: ni nani ameimba, na ni nani ametunga? Yuliza yote mawili. Jibu la kwanza lingekupeleka kwa Wanda Jackson. Jibu la pili lingekupeleka kwa Jessie Mae Robinson, ambaye bado anasubiri albamu yake.